Dawa na umeme katika ubongo wenye Parkinson: je, vinafanya kazi moja?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 63 na huu ni mwaka wa kumi tangu aambiwe ana ugonjwa wa Parkinson. Levodopa ilimsaidia sana miaka ya mwanzo. Siku hizi kila dozi inadumu saa mbili na nusu hivi, kisha anakakamaa. Dawa ikipanda, mwili unachezacheza wenyewe bila yeye kutaka. Daktari wake amependekeza afanyiwe upasuaji awekewe waya za kusisimua ubongo kwa umeme. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: kama dawa inarudisha kitu kilichopungua, umeme unarudisha nini? Vinafanya jambo moja ndani ya ubongo? Na kama ni moja, mbona ameambiwa ataendelea na vidonge hata baada ya upasuaji?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile la kwanza, umeme unarudisha nini, maana ukilielewa hilo mengine yanafuata. Umeme haurudishi chochote. Kuna wakati watafiti walidhani huenda waya zile zinazichokoza seli zilizobaki zitoe zaidi dopamini, ile kemikali ya kupelekeana ujumbe ubongoni ambayo kwa baba imepungua. Wakawapiga wagonjwa picha za PET, zinazoonyesha kemikali zinavyofanya kazi ndani ya ubongo, kifaa kikiwa kimewashwa, kisha kikiwa kimezimwa, na hawakuona tofauti yoyote ya maana katika dopamini. Mgonjwa mikono imelainika, anatembea, na dopamini yake iko pale pale.

Kwa hiyo baba akiwekewa kifaa atapata njia ya pili ya kuufikia mwendo, na njia hiyo haianzii dawa inapoanzia. Njia hizo mbili zinakutana mahali fulani, halafu zinaachana tena. Pale zinapoachana ndipo lilipo jibu la vidonge.

Tuanze na vidonge vyenyewe. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iitwayo reserpini, inayomaliza dopamini ubongoni, wakalegea wasiweze kusogea. Alipowadunga levodopa waliinuka. Miaka mitatu baadaye, mjini Vienna, Ehringer na Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson, wakakuta dopamini imepungua mno katika sehemu ya ndani iitwayo striatamu. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, akaonyesha kwamba dopa ya kumeza, mchanganyiko wenye levodopa ndani yake, ikianzwa kidogo na kupandishwa polepole hadi dozi kubwa, inawarudishia wagonjwa mwendo. Kidonge cha baba kimetoka huko, ila kimeongezwa mwenzake, karbidopa au benserazidi, anayezuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini ikiwa bado iko mwilini. Dopamini iliyotengenezwa nje ya ubongo haivuki kuingia ndani. Inachofanya huko nje ni kumletea mtu kichefuchefu na kumshusha presha.

Levodopa ikishavuka, seli zilizobaki huigeuza kuwa dopamini. Hapa ndipo penye siri ya miaka ile mizuri ya mwanzo. Seli hizo zilikuwa bado nyingi kiasi cha kuweza kuweka akiba na kuitoa kidogo kidogo, hata damu ikiwa imebaki tupu. Nusu ya levodopa iliyo kwenye damu huondoka kwa takriban saa moja na nusu tu, lakini baba hakuliona hilo kwa sababu ghala lilikuwa likimlinda. Sasa ghala limebomoka. Ubongo unafuata damu: kidonge kikipanda, dopamini inafurika, kikishuka, inakauka. Zile saa mbili na nusu zake na ule mwili unaochezacheza ni pande mbili za jambo hilo hilo. Watu huniambia “dawa imeisha nguvu”. Dawa ina nguvu zile zile. Aliyekuwa akiipokea na kuigawa ndiye aliyeondoka.

Sasa tuangalie mtandao ambao dopamini inauhudumia. Striatamu hupokea ujumbe kutoka gamba la ubongo na kuupitisha kwenye njia mbili. Moja huachilia mwendo, nyingine huuzuia. Dopamini huipa nguvu ile ya kwanza na kuibana ile ya pili. Ikikosekana, njia ya kuzuia inatawala, na katika njia hiyo kuna kiini kimoja kidogo chenye umbo la dengu, urefu wake ni kama sentimita moja, kilicho chini ya thalamasi, kituo cha kupokezana ujumbe katikati ya ubongo. Kinaitwa kiini cha sabthalamasi. Hiki huanza kufyatua, yaani kutoa ishara zake za umeme, kupita kiasi, nacho kinasukuma vituo vya mbele yake vizidi kukandamiza mwendo.

Ushahidi wa jambo hili una historia ya ajabu. Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa waliokuwa wakijidunga heroini bandia walijikuta ghafla hawawezi kusogea, kama wazee waliougua Parkinson kwa miaka mingi. Ile dawa ilikuwa imechafuliwa na kemikali iitwayo MPTP, inayoua seli za dopamini. Lilikuwa janga kwao, lakini liliwapa watafiti njia ya kuutengeneza ugonjwa huu katika nyani. Mwaka 1990 kundi la Mahlon DeLong liliharibu kiini cha sabthalamasi cha nyani wa namna hiyo, na nyani wale wakaanza kusogea tena. Kuharibu sehemu ya ubongo kukaleta nafuu! Ilikuwa kana kwamba mtu amekata waya wa breki iliyokwama.

Wakati huo huo, Grenoble nchini Ufaransa, Alim-Louis Benabid alikuwa akichoma sehemu ndogo za thalamasi za watu wenye mtetemeko. Desturi ilikuwa kupitisha umeme kidogo kwanza ili kuhakikisha sindano iko mahali pake, ndipo uchome. Yeye akatilia maanani jambo moja: umeme wa mapigo machache ulizidisha mtetemeko, na ukifika karibu na mapigo 100 kwa sekunde mtetemeko ulikoma. Akajiuliza kwa nini achome, wakati anaweza kuiacha waya humo humo? Alianza hivyo mwaka 1987, na kufikia 1993 wenzake naye walikuwa wameipeleka waya kwenye kiini cha sabthalamasi. Kifaa atakachowekewa baba ni mjukuu wa kile. Waya nyembamba, unene wake zaidi kidogo ya milimita moja, yenye vituo kadhaa vya umeme kwenye ncha. Inateremshwa ndani ya ubongo, inapitishwa chini ya ngozi ya shingo na kuunganishwa na betri iliyozikwa chini ya mtulinga. Kiwango cha kawaida ni mapigo 130 kila sekunde, kila pigo likidumu sehemu 60 za milioni za sekunde.

Hapa msomaji makini atauliza: unasisimua kiini ambacho tatizo lake ni kusisimka kupita kiasi, kisha matokeo yanafanana na ya kukiharibu. Inawezekanaje?

Ili kujibu, yabidi niache habari ya “kasi ya kufyatua” na kuingia kwenye mdundo. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu ya somo hili, kwa hiyo univumilie.

Seli za ubongo hazifyatui kila moja kivyake. Hushikana katika midundo. Kati ya mapigo 13 na 30 kwa sekunde kuna mdundo tunaouita beta. Kwa mtu mwenye afya, mdundo huu upo pale anapotulia katika mkao mmoja, na hushuka kidogo kabla hajasogeza mkono. Ni mdundo wa “kaa hivyo hivyo”. Mwaka 2001 kundi la Peter Brown, London, lilichapisha vipimo vilivyochukuliwa kupitia waya za wagonjwa waliotoka kupasuliwa, kabla betri haijaunganishwa. Bila dawa, kiini cha sabthalamasi na jirani yake palidamu vilikuwa vimeshikana kwenye beta kwa nguvu. Wakampa mgonjwa levodopa, mdundo ule ukafifia, na mahali pake ukajitokeza mwingine wa kasi zaidi, mapigo sabini hivi kwa sekunde, tunaouita gama.

Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba kadiri beta inavyoshuka baada ya dawa, ndivyo kukakamaa na uzito wa mwendo unavyopungua. Angalia nilivyosema: kukakamaa na uzito. Mtetemeko haumo. Mtetemeko una mtandao wake unaohusisha pia sereberamu, ule ubongo mdogo wa nyuma, na ndiyo sababu utamwona mgonjwa ambaye dawa imemlainisha viungo lakini mkono bado unatetema.

Tena, ubaya wa beta hauko katika kuwapo kwake. Hata ubongo wenye afya huipiga kwa vipindi vifupi vifupi, kila kimoja sehemu ndogo ya sekunde. Katika Parkinson vipindi hivyo hurefuka, vingine vikazidi nusu sekunde, na seli nyingi zaidi na zaidi zinavutwa kuingia. Wakati kipindi kirefu kinaendelea, ujumbe wa mwendo ukifika unakuta mlango umefungwa. Levodopa huvikata vile virefu na kuviacha vifupi vingi zaidi.

Na umeme? Umeme nao unaishusha beta. Hapa ndipo nilipokuambia njia zinakutana. Kifaa kikiwashwa mdundo ule unadidimia. Kikizimwa unarudi ndani ya sekunde au dakika chache. Tena, kwa wagonjwa wengine beta hushuka kwa siku au wiki kadhaa baada ya waya kupenya tu, kabla umeme haujawashwa, kwa sababu ile safari ya waya yenyewe imekijeruhi kiini kidogo. Ukimwona baba ametoka upasuaji akiwa mwepesi wakati mashine bado imezimwa, usishangae, na usidhani amepona. Nafuu hiyo huyeyuka.

Lakini namna umeme unavyoishusha beta ni tofauti kabisa na ya dawa. Dawa huingia mwanzoni mwa mtandao, kwenye striatamu, ikabadilisha mizani ya zile njia mbili. Umeme unaingia katikati na kuvuruga mawasiliano. Miili ya seli zilizo karibu na waya hupunguza kufyatua, lakini nyuzi zinazoingia na kutoka kwenye kiini hushikwa na mapigo yale 130 na kuyabeba kila upande. Baadhi ya nyuzi hizo zinatoka moja kwa moja kwenye gamba la ubongo linalosimamia mwendo, na mapigo huzipanda kinyumenyume hadi juu. Mwaka 2009 watafiti waliotumia mwanga kuwasha na kuzima aina moja moja ya seli katika panya wenye Parkinson walikuta kwamba kuzima seli za kiini zenyewe hakukuleta nafuu. Kuzisisimua kwa kasi nyuzi zinazotoka kwenye gamba ndiko kulikoleta. Na kwa wanadamu, kundi la San Francisco lililopima juu ya gamba la mwendo lilikuta kwamba katika Parkinson midundo huko imefungamana kupita kiasi, na kifaa kikiwashwa fundo hilo linalegea.

Chukua mfano wa kikao ambacho mtu mmoja amekamata neno moja na kulirudia, na wengine wote wamelazimika kulirudia naye. Levodopa inawarudisha wazungumzaji waliokuwa wametoweka, mazungumzo yakaanza upya. Umeme unawasha mvumo mkali sawasawa, na lile neno halisikiki tena. Kikao kinaendelea na shughuli nyingine, ila wale wazungumzaji hawajarudi. Mfano wangu una kasoro zake, lakini unatosha kwa sasa.

Tofauti hii inaonekana hata kwenye picha. Matibabu yote mawili hupunguza ile sura isiyo ya kawaida ya matumizi ya sukari inayoonekana katika ubongo wenye Parkinson, ambapo baadhi ya sehemu za ndani zinachoma nishati kupita kiasi. Hapo yanafanana. Sasa pima mtiririko wa damu pamoja na sukari. Kwa umeme, vyote viwili hushuka pamoja, kama inavyotarajiwa: seli zikipunguza kazi, damu nayo inapungua. Kwa levodopa, matumizi ya sukari yanashuka huku damu ikiongezeka sehemu zile zile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilionyesha hilo waziwazi. Maana yake ni kwamba dawa inagusa na mishipa ya damu yenyewe, mbali na seli. Kwa hiyo ukisoma habari kwamba “picha ya MRI imeonyesha dawa imeamsha sehemu fulani ya ubongo”, soma kwa tahadhari. Mashine hizo zinapima damu, na katika Parkinson damu na kazi ya seli zaweza kuachana.

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka ulibebe kabla ya kukaa na ndugu zako kuamua. Mtandao huu haushughulikii mikono na miguu peke yake. Una vitanzi sambamba vinavyohusika na kujifunza, kutamani na kuamua. Na huko dawa na umeme havifanani hata kidogo.

Mtafiti Michael Frank na wenzake waliwapa watu mchezo wa kuchagua kati ya alama mbili zisizo na maana kwao. Alama moja ilikuwa ikilipa mara nyingi, nyingine mara chache, na mchezaji alijifunza kwa kupatia na kukosea. Wagonjwa wasiotumia dawa walijifunza zaidi kutokana na kukosea: waliikwepa vizuri alama mbaya. Walipokuwa kwenye dawa ikawa kinyume, wakajifunza kutokana na kupatia, na makosa hayakuwafunza kitu. Sababu yake inaeleweka. Dopamini hushuka ghafla mtu anapokosa alichotarajia, na mshuko ule ndio funzo lenyewe. Dawa ikijaza dopamini kila mahali, mshuko unafunikwa. Ogopa hasa sehemu ya chini ya striatamu, inayohusika na tamaa, ambayo katika Parkinson huharibika kwa kuchelewa. Dozi inayoutosha mkono inaweza kuifurikisha sehemu hiyo. Ndiyo sababu tunauliza habari za kamari, manunuzi ya ovyo, kula bila kiasi na tamaa ya ngono, na tunauliza zaidi kwa wanaotumia dawa zinazoiga dopamini, kama pramipeksoli na ropiniroli. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa 3,090 uliochapishwa mwaka 2010, asilimia 13.6 walikuwa na angalau tabia moja ya namna hiyo.

Mwaka 2007 kundi hilo hilo likauleta mchezo kwa wagonjwa wenye kifaa. Mtu mwenye afya akipewa alama mbili zote nzuri, zenye kukaribiana, husita kidogo. Wagonjwa waliokuwa kwenye dawa nao walisita kama kawaida. Wale ambao kifaa chao kilikuwa kimewashwa hawakusita; waliharakisha pale pale palipohitaji kufikiri, na hasa walipokuwa wakikosea. Kujifunza kwao kulikuwa sawa. Kilichoondoka ni ile breki ya “ngoja kwanza”. Baadaye ikaonekana kwamba mtu anapokabiliwa na uamuzi mgumu, sehemu ya mbele ya ubongo, katikati, hutoa mdundo wa taratibu wa mapigo 4 hadi 8 kwa sekunde unaokiarifu kiini cha sabthalamasi kiongeze subira. Umeme wetu unavuruga beta, na papo hapo unaweza kuvuruga ujumbe huu.

Kwa hiyo dawa ikizidi, mtu hasikii hasara; umeme ukizidi au ukimwagika upande usiotakiwa, mtu hasiti. Kwa jicho la jirani yote mawili yataitwa “mzee amebadilika”. Kwa daktari ni matatizo mawili tofauti na tiba zake ni tofauti: la kwanza linataka dozi ibadilishwe, la pili linataka kituo cha umeme kihamishwe au nguvu ipunguzwe. Ukimpigia daktari, mweleze tabia yenyewe na saa ilipotokea ukilinganisha na kidonge. Neno “amebadilika” peke yake halimsaidii.

Nisikutishe. Wagonjwa wengi hawapati haya kwa kiwango cha kuharibu maisha, na kiini cha sabthalamasi kikisisimuliwa vizuri dawa zinaweza kupunguzwa, mara nyingi kwa karibu nusu, na tamaa zilizoletwa na dozi kubwa zikapungua pamoja nazo.

Sasa lile la “mbona aendelee na vidonge”. Kama umenifuata mpaka hapa, nadhani umeshaanza kulijibu mwenyewe. Kifaa kinaufungua mwendo bila kurudisha dopamini. Sehemu za ubongo zinazotoa hamu, furaha na msukumo wa kuamka asubuhi na kufanya jambo zinaihitaji dopamini, na umeme hauzipi. Tumeona wagonjwa ambao baada ya upasuaji mwendo ulikuwa mzuri kiasi kwamba dawa zikakatwa haraka mno. Baada ya miezi michache familia inasema: mwili umepona, lakini mtu amezimika. Anakaa tu, hataki mazungumzo, hana hamu ya chochote. Tukirudisha sehemu ya dawa, wengi wanafunguka. Kwa hiyo vidonge vinashuka polepole, na kwa kawaida haviishi kabisa. Na baba asivikate mwenyewe hata siku moja: kuacha levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa kwa mwili mzima na hatari ya kifo. Betri nayo ikikwisha bila taarifa, dalili zinaweza kurudi kwa kishindo. Betri za kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano hivi. Za kuchajiwa huenda zaidi ya kumi.

Kuna mambo ambayo upasuaji hautayagusa. Kanuni inayotumika ni kwamba kile ambacho levodopa inakirekebisha kwa saa chache, kifaa kitakirekebisha kwa siku nzima. Kile ambacho levodopa haikirekebishi hata ikiwa kileleni, usikitarajie. Kupoteza mizani na kuanguka hata dawa ikiwa imeshika, kumbukumbu kudhoofika, sauti kufifia: haya yatabaki, na sauti wakati mwingine huzidi kuharibika. Mtetemeko ndio unaokiuka kanuni, kwani umeme unaweza kuutuliza hata pale dawa iliposhindwa. Wala umeme hauzuii ugonjwa kuendelea. Seli zinaendelea kufa kama zilivyokuwa zikifa. Kuhusu hatari ya upasuaji, kubwa ni damu kuvuja ndani ya ubongo, jambo linalompata mtu mmoja au wawili katika kila mia, na maambukizi kwenye vifaa.

Baada ya kuwashwa, msitarajie yote kwa siku moja. Kukakamaa kunalegea ndani ya sekunde mpaka wapimaji wenyewe wanatabasamu. Mtetemeko hufuata kwa sekunde au dakika. Uzito wa mwendo unaweza kuchukua saa, na kutembea na mkao huchukua siku. Inachukua miezi kadhaa ya kurudi kliniki kurekebisha umeme na dawa kwa zamu, kwa sababu ukigusa kimoja unakihamisha kingine.

Jambo moja jipya mnaweza kuulizia. Tangu mwaka 2020 kuna vifaa vinavyosisimua na kusikiliza kwa wakati mmoja, vikirekodi beta mgonjwa akiwa nyumbani, amelala au anakula. Kutoka hapo likaja wazo la umeme unaojirekebisha: beta ikipanda unaongezeka, dawa ikishika na beta ikishuka unapungua. Jaribio la kwanza kwa wagonjwa wenye ugonjwa huu lilichapishwa mwaka 2013, na mwaka 2025 mamlaka za Marekani ziliidhinisha matumizi yake ya kawaida. Kwa mtu kama baba, ambaye siku nzima anapanda na kushuka na kidonge, wazo hili lina mantiki sana, maana umeme wa kiwango kimoja unamkuta wakati fulani ana dopamini nyingi na wakati mwingine hana kabisa. Lakini si sharti. Kifaa cha kawaida kilichowekwa mahali sahihi kinakishinda cha kisasa kilichokosea milimita mbili, kwa hiyo swali la kwanza liwe kwa mpasuaji: ameweka vingapi, na anathibitishaje mahali waya ilipofikia?

Kabla ya yote hayo watampa kipimo. Ataambiwa asimeze dawa tangu jioni, alale hivyo hivyo, na asubuhi apimwe akiwa katika hali yake mbaya kabisa. Kisha atapewa dozi kubwa kidogo ya levodopa na kupimwa tena ikiwa imeshika. Vituo vingi vinataka alama ziboreke kwa angalau asilimia 30 ndipo waendelee. Asubuhi hiyo itakuwa ngumu kwake na kwako, na wazee wengi humeza kidonge alfajiri kwa siri ili wasionekane wameshindwa kuvaa shati. Akifanya hivyo kipimo kitadanganya, na atakayekataliwa upasuaji ni yeye. Lala karibu naye usiku huo, na vidonge vikae mfukoni mwako.